Jinsi Mwili Unavyoondoa Chembe Nyekundu za Damu Zilizochakaa

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Kwa kuwa haina kiini, haiwezi kuunda protini mpya badala ya zilizoharibika, hivyo uchakavu wake huongezeka siku hadi siku: utando hukakamaa, vimeng'enya hudhoofu, na juu ya uso wake hujitokeza alama ambazo chembe changa huwa zimezificha. Katika mtu mzima mwenye afya, chembe zipatazo milioni 2 hufikia ukomo huo kila sekunde, na nyingine kiasi hicho hicho hutoka kwenye uboho wa mifupa.

Zilizochakaa hutambuliwa hasa na wengu, ambao wengi huuita bandama. Humo damu hulazimika kupenya katika nyufa zenye upana wa takriban maikromita 1, ilhali kipenyo cha chembe ni maikromita 7 hadi 8. Chembe nyumbufu hujikunja ikapita. Iliyokakamaa hukwama, ikamezwa na makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazokaa hapo. Makrofaji za ini na za uboho hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana mtu aliyeondolewa wengu huendelea kuishi.

Ni muhimu sana kwamba uvunjaji huu hufanyika ndani ya seli, kwa sababu himoglobini, yaani protini ya chembe hizi inayobeba oksijeni, ikimwagika kwa wingi katika damu hudhuru figo na mishipa. Kiasi kidogo kinachovuja hunaswa na protini iitwayo haptoglobini. Ndani ya makrofaji, globini, yaani sehemu ya protini ya himoglobini, hukatwakatwa kuwa asidi amino zinazotumika upya, na hemu, sehemu yake yenye chuma, hutoa madini hayo ya chuma, ambayo hubebwa na protini ya damu iitwayo transferini hadi kwenye uboho. Chuma kinachookolewa kwa njia hii hufikia miligramu 20 hadi 25 kwa siku, wakati kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula ni miligramu 1 au 2 tu. Kwa hakika, damu mpya hujengwa karibu yote kwa chuma cha damu iliyotangulia.

Hemu iliyobaki bila chuma hugeuka biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano. Hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo hubebwa na albumini, protini nyingine ya damu, hadi kwenye ini, ambalo huiunganisha na asidi ya glukuroniki ili iyeyuke, na kuitoa pamoja na nyongo. Bakteria wa utumbo huibadilisha tena, na kutokana na mabadiliko hayo kinyesi hupata rangi ya kahawia na mkojo rangi ya njano.

Uvunjaji ukizidi uwezo wa ini, kama inavyoweza kutokea katika malaria kali au katika selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, ambapo chembe nyingi huishi siku 10 hadi 20 tu, bilirubini hujilimbikiza na macho huwa ya manjano. Kwa sababu hiyo macho ya manjano pekee hayathibitishi kwamba ini ni gonjwa: vipimo vikionyesha kuwa iliyozidi ni bilirubini ambayo ini halijaiunganisha, uvunjaji wa chembe huwa miongoni mwa vyanzo vya kwanza ambavyo daktari huchunguza.