Ali Sadki Azayku, mshairi aliyefungwa kwa kuitetea lugha ya kwao

Wengi tumemsoma Ibn Battuta shuleni, yule msafiri aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, lakini sidhani kama tuliambiwa kwamba ukoo wake ni Lawata, yani alikua Mberberi, hawa watu wa asili wa Afrika Kaskazini. Tulimjua kama Mwarabu tu basi. Na hawa watu ndo wamefichwa hivohivo miaka na miaka, hata hilo la Berberi ni jina la kupachikwa, limetoka kwenye neno la kuwaita watu washenzi, wao wenyewe wanajiita Imazighen, mmoja ni Amazigh.

Sisi tunaoshughulika na haki za lugha hapa kwenye taasisi yetu tunaulizwa sana, kwani lugha nayo ni haki? Huwa najibu kwa kumtaja Azayku.

Kazaliwa 1942 kijiji cha Igran n Tawinkht, milima ya Atlas upande wa Taroudant, kusini mwa Moroko. Nyumbani Tashelhit, ambayo ni moja ya lugha za Kiamazigh, akifika darasani ni Kiarabu na Kifaransa, ya mama haimo kabisa. Alisoma mpaka akawa mwalimu wa historia chuo kikuu Rabat, na huku anatunga mashairi kwa lugha hiyohiyo ambayo shule haikutaka kuisikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 akaandika kwenye jarida moja lililoitwa Amazigh, akasema utamaduni wa taifa hauwezi kueleweka kama lugha na historia ya Waamazigh vinawekwa pembeni. Makala jamani, hakushika hata fimbo. 1982 akakamatwa, akakaa jela mwaka mzima.

Alivotoka hakunyamaza. 1988 akatoa diwani ya Timitar, maana yake alama, na 1995 ikaja Izmulen, yani makovu, na mimi hayo majina mawili yakifuatana hua yananigusa sana manake unaona mtu kaanza na alama akaishia na makovu. Mwanamuziki Ammouri Mbarek akayaimba baadhi ya mashairi yake, na hapo ndo yakawafikia hata wasiojua kusoma, mtu anasikia lugha ya jikoni kwao inasema mambo mazito.

Kwenye historia nako alikua anachimba majina ya watu na ya mahali. Hii watu wanaichukulia poa lakini fikiria, Agadir kwa Kiamazigh ni ghala lenye ngome la kuhifadhia nafaka, Ifrane inatokana na neno la mapango, kwahiyo ukisema hawa watu hawana historia ramani yenyewe inakukatalia. Na ukiichungulia lugha yao utaipenda, maji ni aman, na kisarufi yako kwenye wingi siku zote kama sisi tunavosema maji haya, hamna maji moja.

2001 mfalme Mohammed wa Sita akaunda taasisi ya kifalme ya utamaduni wa Kiamazigh, 2003 Tifinagh, yani herufi za Waamazigh wenyewe, zikapitishwa kuandikia lugha hiyo na Septemba hiyo watoto wakaanza kufundishwa Kiamazigh kwenye baadhi ya shule za msingi. Azayku alifariki Septemba 2004, kwahiyo mwaka mmoja aliuona. Katiba iliyoifanya lugha yake kua rasmi ilikuja 2011.