Mkono Umelegea: Je, Ni Kiharusi Kweli?

Tuseme dada wa miaka 30 anauza vitunguu Mwanjelwa, Mbeya. Jumatatu mkono wa kulia unakuwa mzito. Jumatano kikombe cha chai kinamponyoka, na jina la mwanawe analijua ila halitoki mdomoni.

Majirani wanaanza kusema: "Katupiwa kitu." "Malaria imempanda kichwani."
Lakini upo ugonjwa nadra unaoweza kuleta dalili hizi, uitwao Baló, ulioelezwa mwaka 1928 na Josef Baló, daktari wa Hungaria. Kinga ya mwili hushambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva kama plastiki ifunikavyo waya wa umeme. Ala ikibanduka, ujumbe wa ubongo hukwama njiani. Kwenye picha ya MRI (kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya ubongo) huonekana pete ndani ya pete, iliyoharibika ikifuatwa na iliyosalimika, kama kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kilichokatwa kwa upana.

"Mdomo umeenda upande, basi ni kiharusi."
Huenda ni kweli, na ndiyo maana hakuna kusubiri nyumbani: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huhitajika ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Lakini kiharusi hupiga ghafla. Baló mara nyingi hujijenga kwa saa au siku kadhaa. Picha ya kwanza inaweza kumchanganya hata daktari. Wewe uliyekuwa naye Jumatatu ndiye mwenye habari anayoihitaji, kwa hiyo mweleze ilianza lini na imeendaje.

"Prednisolone ipo duka la dawa, mpeni."
Hili ndilo linanitia hofu zaidi. Steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga kama hiyo prednisolone, ni tiba kweli, ila hutolewa kwa dozi kubwa kupitia mshipa, hospitalini, baada ya kuchunguza maambukizi. Kinga ikitulizwa, maambukizi yanaweza kuzidi: TB ya ubongo nayo huacha madoa kwenye picha, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina VVU kuliko wastani wa nchi. Daktari akiomba kipimo cha VVU, hamtuhumu mgonjwa, anamlinda.

"Ukiupata umekwisha."
Zamani ulijulikana maiti ikishapasuliwa. Siku hizi wengi hupata nafuu, baadhi wakibaki na udhaifu. Steroidi zisipotosha, wapo wanaosafishwa utegili, yaani majimaji ya damu.

"Unaambukiza."
Hapana. Mlisheni uji, laleni naye chumba kimoja, mnyoosheni vidole kila asubuhi.