Amara ya lugha gani?

"Mwalimu, nimepata jina. Amara. Maana yake neema ya milele."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa ameshika simu, orodha ya majina adimu ya wasichana imejaa kioo kizima, kila jina na maana yake ya maneno mawili matatu. Nikamuuliza swali ninaloliuliza mpaka limenichosha: Amara ya lugha gani? Akapandisha orodha, akaishusha. Haikusema.

Kazi yangu ni kuchambua asili za majina, na kama kuna dhana inayonitia kichefuchefu ni hii kwamba jina lina maana moja, inayosafiri nalo popote liendako. Sauti zilezile huweza kuzaliwa mara tatu katika lugha zisizojuana. Amara ya Kiigbo ni neema. Ya Kisanskriti ni isiyokufa. Ya Kilatini, na ya Kiitaliano hadi leo, ni chungu, tena chungu kama shubiri. Mtunga orodha alizikoroga mbili za kwanza akapata "neema ya milele", ya tatu akaikalia kimya. "Basi nilitupe?" mama akauliza. La hasha! Lichukue kwa Kiigbo, na mtoto akikua mwambie ni la Kiigbo.

Tazama Nia. Sisi hatuhitaji kamusi. Lakini ukimkuta Nia wa Wales usimpongeze kwa kusudio la wazazi wake: jina lake limetoka kwa Niamh wa Kiayalandi, yaani mng'ao. Au Yuki la Kijapani, ambalo orodha zote husema ni theluji. Ni theluji likiandikwa kwa herufi ya theluji. Kuna Yuki inayoandikwa kwa herufi ya heri, na nyingine kadhaa, na kwa masikio huwezi kuzitofautisha. Anayekupa maana ya jina la Kijapani bila kukuonyesha limeandikwaje anabahatisha.

Kiarabu nacho kina mitego yake tukikiandika kwa herufi zetu. Amal la msichana huanza kwa alifu yenye hamza, na ni tumaini. Lipo neno jingine linaloanza kwa herufi ya ayn, maana yake kazi au tendo, ndilo lililotupa "amali". Kwa herufi za Kilatini yote mawili ni Amal, ndiyo maana kila mwaka napata mtu anayeapa kwamba binti yake anaitwa Kazi.

Hata sisi wenyewe tumo kwenye orodha hizo. "Zuri: Kiswahili, mrembo." Ua ni zuri, jina ni zuri, msichana, kwa sarufi niliyosoma mimi, ni mzuri. Jina lina ruhusa ya kuvunja sarufi, sikatai, ila tusijifanye hatukuona.

Kwa hiyo ukija kwangu, njoo na vitu vitatu: jina, lugha yake, na maandishi yake ya asili kama lugha hiyo haitumii herufi hizi. Maana tutaitafuta pamoja.

Madai mengine ya majina ninayoletewa nayamaliza haraka.

Kwamba Vanessa ni kipepeo: ni kinyume chake. Jina lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kwa kuunga vipande vya jina la rafiki yake, Esther Vanhomrigh, na shairi lenye jina hilo likachapishwa 1726. Kundi moja la vipepeo liliitwa Vanessa na mwanasayansi Fabricius mwaka 1807. Kipepeo ndiye aliyeazima.

Kwamba Tiffany ni jina la juzi: linatokana na Theophania la Kigiriki, kudhihirika kwa Mungu, na katika Zama za Kati walipewa wasichana waliozaliwa karibu na tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, yaani ya huko kudhihirika.

Kwamba maana mbaya huleta mkosi: Dolores ni maumivu kwa Kihispania, limetoka kwenye sifa ya Bikira Maria, na wanawake wamelibeba vizazi na vizazi, wenye raha na wenye shida.

Kwamba jina adimu kwako ni adimu kote: Saoirse, uhuru kwa Kiayalandi, halimshangazi mtu yeyote nchini Ireland. Nje ya huko litasomwa "Saoirise" maisha yote, ilhali ni karibu na "Sersha". Kabla hujaliandika popote, mpe mtu asiyelijua alisome kwenye karatasi, wewe ukiwa chumba cha pili. Usipogeuka kuitika, mwanao naye hatageuka.