Nembo ya Hohenzollern: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukoo wa Hohenzollern ulitoa wafalme wa Prussia, ufalme wa kaskazini mwa Ujerumani, na makaisari watatu wa Ujerumani. Wa mwisho ni Wilhelm II, ambaye utawala wake ulifika hadi Tanganyika, Rwanda na Burundi. Nembo yao imechorwa kwenye majengo, sarafu na vyeti vingi, na kila mchoro umezaa hadithi zake. Makosa mengi yana chanzo kimoja: watu huisoma nembo kama picha moja yenye maana moja, ilhali ni kama daftari la mali, kila kipande kimeingizwa kwa mwaka wake na kwa njia yake. Kimoja kilirithiwa, kingine kilikuja na mke, kingine kilikabidhiwa na mfalme, na kimoja kilinunuliwa kwa fedha taslimu.

“Tai mweusi ndiye nembo ya ukoo.”

Tai ni wa nchi. Ngao ya ukoo wenyewe haina mnyama hata mmoja: imegawanywa robo nne, ya kwanza na ya nne rangi ya fedha, ya pili na ya tatu nyeusi. Basi.

Tai mweusi alikuja na Prussia. Mwaka 1525 Albrecht, mtu wa tawi la Ansbach la ukoo huu na mkuu wa Shirika la Mashujaa wa Kijerumani (watawa wapiganaji wa Kikatoliki waliotawala Prussia), aliivunja nadhiri ya shirika lake, akawa mkristo wa Kilutheri, akaipokea Prussia kutoka kwa mfalme Sigismund wa Poland kama mtawala aliye chini yake. Tai aliyepewa siku hiyo alibeba herufi S kifuani, yaani Sigismund, na taji shingoni, si kichwani. Poland iliachia mamlaka yake mwaka 1657, na S ikaondoka. Friedrich I alipojivika ufalme mjini Königsberg tarehe 18 Januari 1701, taji lilipanda kichwani, kifuani zikakaa herufi FR, yaani Friedrich Mfalme, na makucha yakashika fimbo na tufe la kifalme. Kwa hiyo ukikutana na tai wa Prussia bila maelezo, anza na kifua. Herufi hukwambia umri wa mchoro upesi kuliko mtindo wa manyoya.

Tai mwekundu ni mwingine kabisa. Huyo ni wa Brandenburg, nchi inayouzunguka mji wa Berlin, ana vijiti vya dhahabu vyenye ncha za majani mbawani, naye aliingia mwaka 1415 pale Friedrich VI, msimamizi wa ngome ya mfalme huko Nürnberg, alipokabidhiwa Brandenburg pamoja na kiti kimoja kati ya saba vya kumchagua mfalme wa Wajerumani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Romania. Karl wa tawi la Sigmaringen alipoitwa kutawala huko mwaka 1866, akawa Carol I, tai wa Prussia hakumfuata. Kilichowekwa katikati ya nembo ya Romania ni ile ngao ndogo ya robo nyeusi na fedha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mfano wa karibu: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo mbele ya milima. Upande wa pili una tai wa Dola ya Ujerumani, na hapa utahitaji lenzi. Kifuani pa tai pana ngao, ndani ya ngao hiyo yumo tai wa pili, wa Prussia, na kifuani pa huyo wa pili ndipo ilipo ngao ya robo nne. Ngazi tatu: dola, ufalme, ukoo. Ukoo wenyewe ndio ulio mdogo kiasi cha kichwa cha pini.

“Tai wa Kaisari alikuwa na vichwa viwili.”

Mwenye vichwa viwili ni tai wa Dola Takatifu ya Kirumi, dola ya zamani ya Wajerumani, kuanzia 1433, na baadaye wa Austria. Dola ya Ujerumani ya 1871 ilichagua kichwa kimoja kwa makusudi.

“Ni ukoo wa kaskazini, wa Berlin.”

Asili yao ni kusini, Swabia, kwenye mlima wa Zollern karibu na Hechingen. Wanaanza kutajwa mwaka 1061, na habari yenyewe ni fupi: Burkhard na Wezil wa Zollern wameuawa. Mwishoni mwa karne ya 12 Friedrich III wa Zollern alimwoa Sophia wa Raabs, mrithi wa usimamizi wa ngome ya Nürnberg, na kutoka hapo familia ikagawanyika. Waliobaki Swabia walikuja kuwa wa Hechingen na Sigmaringen, wakabaki Wakatoliki. Wa Nürnberg ndio waliopanda hadi Brandenburg. Simba mweusi juu ya dhahabu, mwenye ukingo wa vipande vya fedha na vyekundu, ni alama ya cheo cha Nürnberg. Wengi humdhania simba wa Bavaria.

Na ile ngome inayopamba kadi za posta, kileleni kwenye mita 855? Wageni huambiwa ni ya enzi za kati. Ya kwanza ilizingirwa na kubomolewa mwaka 1423, ya pili ilianza kujengwa 1454 ikaja kuwa magofu, na hii ya sasa ni ya tatu, iliyojengwa kati ya 1850 na 1867 kwa michoro ya Stüler, msanifu wa Berlin. Umri wake unakaribiana na wa reli.

“Kichwa cha mbwa juu ya kofia ya chuma iliyo juu ya ngao kina maana ya siri.”

Maana yake ni risiti. Mwaka 1317 Friedrich IV wa Nürnberg alinunua pambo hilo, kichwa cha mbwa wa kuwinda cha dhahabu chenye masikio mekundu, kutoka kwa Lütold wa Regensberg, ukoo wa karibu na Zürich uliokuwa umefilisika. Bei: marki 36 za fedha. Tatizo ni kwamba makabaila wa Oettingen nao walivaa kichwa cha mbwa wa aina hiyohiyo. Ugomvi ulidumu miaka hadi mwaka 1381 ukaamuliwa kwamba wa Oettingen waweke msalaba wa mshazari, ule ulio kwenye ngao yao, juu ya masikio ya mbwa wao. Tangu hapo tazama masikio tu. Yenye msalaba ni Oettingen. Mekundu matupu ni Hohenzollern.

“Rangi haijulikani kwenye jiwe wala sarafu.”

Hujulikana kwa mistari, utaratibu ulioenea karne ya 17. Nukta ni dhahabu, patupu ni fedha, mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu, na ya wima na mlalo iliyopishana ni nyeusi. Angalizo: kulia na kushoto hupimwa kwa aliyebeba ngao, kwa hiyo “kulia” ni kushoto kwako wewe mtazamaji. Ndiyo maana robo ya fedha ya kwanza iko juu kushoto kwa macho yako. Mtu akigeuza picha kwenye kompyuta ili ipendeze, robo zinabadilishana, ngao inakuwa nyeusi-fedha, na hiyo si ya Hohenzollern tena.

“Kila mwenye ‘von’ ni kabaila, na asiye nayo si kabaila.”

Yote mawili si kweli. “Von” maana yake ni “wa” au “kutoka”, nalo huwekwa mbele ya jina la ukoo. Kaskazini ya Ujerumani “von” ilikuwa mara nyingi ya kutaja kijiji mtu alikotoka; orodha za maofisa wa Prussia ziliwatofautisha kwa kuandika “v.” kwa makabaila na “von” kamili kwa wengine. Ukoo wa Knigge, kwa upande mwingine, ni wa kibaroni na hauna “von”. Hermann Wissmann, anayejulikana pwani kwa vita dhidi ya Abushiri, alizaliwa raia wa kawaida. Hiyo “von” alipewa 1890. Gavana Götzen, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye meli tunayoiita Liemba, alikuwa ngazi ya juu zaidi, Graf, cheo kilicho juu ya baroni. Kwenye nembo tofauti hizi huhesabika kwa ncha za taji: tano kwa kabaila wa kawaida, saba kwa baroni, tisa kwa Graf.

“Ukabaila bado ni cheo Ujerumani.”

Katiba ya Weimar ya 1919, ya jamhuri iliyofuata baada ya Kaisari, kifungu cha 109, ilivigeuza vyeo vya kikabaila kuwa sehemu ya jina la ukoo na kupiga marufuku kutoa vipya. Ndiyo sababu leo huandikwa baada ya jina la kuzaliwa: Georg Friedrich Prinz von Preussen. Jina hilo hupita hata kwa kuasiliwa, na watu wazima wamewahi kuasiliwa kwa malipo ili walipate. Austria ilikwenda mbali zaidi mwaka huohuo: ilifuta hata “von”.

“Nikiwa na jina lao, nembo ni yangu.”

Wauzaji wa “nembo ya jina lako” hustawi kwa dhana hii. Kwa desturi ya Kijerumani nembo hufuata nasaba ya kiume kutoka kwa aliyeichukua kwanza, na mahakama huilinda kama zinavyolinda jina, kwa kifungu cha 12 cha sheria ya madai. Watu wawili wenye jina moja wasio na babu mmoja hawashiriki nembo. Anayeuziwa aulize mambo matatu: nani aliichukua kwanza, mwaka gani, na vizazi gani vinamuunganisha naye. Muuzaji asiyeweza kuyajibu ameuza picha iliyonakiliwa kutoka kwenye mikusanyo ya nembo ya zamani kama ule wa Siebmacher wa 1605.