Pikipiki ya safari ya watu wawili: anza na kiti cha nyuma

Wanaume wengi wanaokuja gereji kuniulizia pikipiki ya safari huja peke yao. Wameshajua ukubwa wa injini, mwendo wake wa mwisho, hata rangi wanayoitaka. Nikiuliza nani atapanda nyuma, jibu ni "mama watoto". Nikiuliza yuko wapi, yuko nyumbani. Hao nawaomba warudi naye kabla hatujagusia bei. Dereva ana usukani wa kushika, analiona tuta kabla halijafika, na anajua ni lini atashika breki. Wa nyuma hana hata kimoja kati ya hivyo, tena ndiye anayekaa karibu kabisa na ekseli ya tairi la nyuma, mahali ambapo kila mtikisiko unapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Pikipiki ikimshinda yeye, safari zenu zote zitaishia Chalinze, hata hamjafika mbali na Dar.

Namba ninayoitafuta kwanza ni ile ambayo wauzaji hawaitaji: uzito wa juu unaoruhusiwa. Utaikuta kwenye kitabu cha pikipiki, na nyingine wameiandika kwenye kibati kidogo kwenye fremu. Toa hapo uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa kupakia, ninyi wenyewe mkiwemo. Chukua BMW R 1250 GS, ambayo wengi wanaiota. Ikiwa na mafuta ina kilo 249, na uzito wa juu ni kilo 465, kwa hiyo zinabaki 216. Zinaonekana nyingi. Sasa mpandishe mume wa kilo 92 na mke wa kilo 70, tayari ni 162. Helmeti mbili, majaketi, buti na glavu, weka kilo 14. Maboksi matatu ya alumini pamoja na fremu zake, kabla hujaweka hata soksi, yanakaribia kilo 20. Mmebakiwa na kilo 20 hivi za nguo, maji, zana na ule mchele wa Kyela mtakaopewa wakati wa kurudi. Na hiyo ni moja ya pikipiki zinazosifiwa kwa kubeba. Za injini ndogo zina nafasi finyu zaidi, kwa hiyo fanyeni hesabu hiyo dukani, kwa uzito wenu wa kweli.

Mkipitiliza, fremu haitakatika siku hiyohiyo. Kitakachotokea ni kwamba breki zitahitaji umbali mrefu zaidi, tairi la nyuma litachemka, na usukani utakuwa mwepesi kwa namna inayotisha mkianza kushuka mteremko mkali wa Kitonga nyuma ya lori. Boksi la nyuma ndilo hatari zaidi kwa sababu linakaa juu, tena nyuma ya ekseli, na kila kilo inayowekwa humo inapunguza uzito unaokandamiza tairi la mbele. Soma maandishi yaliyo ndani ya kifuniko chake. Mengi yanaruhusu kilo 5 hadi 10 tu, na watu wanajaza humo laptopu, viatu na chupa za maji.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Abiria wa kwetu amezoea bodaboda, na kiti cha Boxer, ukiacha ugumu wake, kimenyooka, ni kirefu, na sehemu za kukanyagia ziko chini kiasi kwamba magoti yanakaa vizuri. Mtu huyohuyo akipandishwa kwenye pikipiki ya mamilioni anashangaa: kakalia kijisiti kilichoinuka, magoti yamekunjwa hadi karibu na mbavu, na hana pa kushika. Pikipiki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya vumbi ziko hivyo. Yamaha Ténéré 700 naipenda sana kwa mtu mmoja kwenye changarawe, lakini kiti chake ni chembamba na kiko juu, na sijawahi kumshauri mtu aende nayo Dar hadi Arusha akiwa na mwenzake nyuma.

Mpandisheni mkeo au rafiki yako, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, akae dakika kumi nzima bila kushuka. Mwangalie kwa pembeni. Goti likiwa limekunjwa kuliko pembe mraba, nyonga zitaanza kulalamika kabla hamjamaliza saa ya kwanza. Angalia kama kiti kimeinamia mbele. Kikiinama, kila mkishika breki atakuwa anateleza na kukusukuma kwenye tangi. Mikono yake inafikia vishikio bila kujipinda? Boksi la nyuma lenye mto wa kuegemea linamsaidia sana, maana linamwondolea ile hofu ya kurushwa nyuma unapoongeza mwendo.

Kisha nenda upande wa ekzosi. Wengi wetu tunajua watu wenye kovu la mviringo kwenye mguu wa kulia, chini ya goti, walilolipata kwa kushuka bodaboda upande wa bomba. Kwenye pikipiki ya safari joto linakaa palepale kwa saa sita. Akae injini ikiunguruma mpaka feni ianze kufanya kazi, na aseme kama anahisi moto kwenye shavu la mguu. Tena mfundishe tangu siku hiyo kupanda na kushukia kushoto, wewe ukiwa umekanyaga chini kwa miguu yote miwili na umeshika breki, na asipande mpaka umtikisie kichwa.

Kuhusu shokapu nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nzuri inapogeuka kuwa mbaya bila mtu kujua sababu. Springi ya nyuma inatoka kiwandani ikiwa imerekebishwa kwa dereva mmoja. Mkipanda wawili na mizigo, mkia unakaa chini, pua inanyanyuka, taa inawamulika machoni madereva wanaokuja, na kwenye kona pikipiki inakuwa nzito kulala. Mkigonga tuta, shokapu inafika mwisho wake na teke lote linaenda kwenye uti wa mgongo wa abiria. Kwa barabara zetu, ambapo kila kijiji kina matuta yake na vile vituta vidogovidogo vinavyotangulia, hilo litatokea mara nyingi kwa siku moja.

Kupima ni rahisi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati na tairi la nyuma linaning'inia, pima kwa futi kutoka kwenye nati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Ishusheni, pandeni wote wawili na mizigo yenu, mtu wa tatu apime tena palepale. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya tairi. Kama tairi lina nafasi ya kucheza milimita 200, mkishuka 60 hadi 70 mko sawa. Mkizidi hapo, kaza springi. Mkikaza mpaka mwisho na bado mnazama, springi hiyo haiwatoshi. Ama mbadilishe springi, ama mtafute pikipiki nyingine. Kwenye Honda Africa Twin kuna kitasa cha kuzungusha kwa mkono, jambo la sekunde chache. Kwenye Bajaj Dominar 400 utahitaji spana ya ndoano. Mtu anayesafiri leo na mwenzake na kesho peke yake atakithamini sana kile kitasa.

Upepo wa tairi nao upandishe kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu. Usikisie kwa teke.

Dereva naye asijidanganye. Kiti cha Africa Twin kiko milimita 850 au 870 kutoka chini, cha Suzuki V-Strom 650 ni 835, cha Royal Enfield Himalayan 411 ni 800. Mtu mfupi anaweza kuendesha chombo kirefu akiwa peke yake, kwa kusogea upande mmoja anaposimama. Akiwa na abiria, mwenzake akiinama kidogo tu kuangalia duka barabarani, zaidi ya kilo 350 zinaegemea mguu mmoja wa dereva uliosimama kwa ncha za vidole.

Injini inakuja baada ya hayo yote. Himalayan 411 ina nguvu za farasi 24 hivi. Inafika kila mahali, lakini wawili na mizigo mkipanda mlima mtakuwa kwenye gia ya tatu mkisubiri nafasi ya kupita lori, na nafasi ikija inaweza isitoshe. Dominar ina 40, na kwa wanandoa wepesi wenye mabegi ya kitambaa ni chaguo la heshima kwa bei yake. Honda Gold Wing inamkalisha abiria kama yuko sebuleni, lakini ina zaidi ya kilo 360 na tumbo lake liko chini mno kwa matuta yetu.

Kwa wawili wanaotembea hasa kwenye lami na kuingia kidogo kwenye vumbi, Mombo hadi Lushoto, Dar hadi Iringa kupitia Mikumi, mimi bado nawaelekeza kwenye V-Strom 650. Kiti chake cha nyuma ni kipana, vishikio viko pale mkono unapovitafuta, na tangi la lita 20 linawapeleka mbali. Mwenye fedha zaidi aende Africa Twin yenye gia za kujibadilisha zenyewe: haina ule mshtuko wa klachi, na helmeti zenu zitaacha kugongana. Ikiwa ni ya mtumba, kabla hujalipa chungulia chini ya kiti uone kama fremu ya nyuma imechomelewa upya. Penye kulehemu upya pale, huenda mwenye nayo wa kwanza alikuwa akizidisha mzigo.