Anza na ndimu, vizibo vije baadaye

Mtoto wa miaka minne anayeimba moja hadi ishirini bila kukosea anaweza akashindwa kukupa ndimu nne. Mwambie "nipe nne", atakuletea zote zilizopo. Amekariri wimbo, lakini bado hajajua kwamba neno la mwisho la kuhesabu ndilo idadi ya vitu vyote.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Tunahesabu "moja, mbili, tatu", kisha tunauliza "vizibo vingapi?" na jibu sahihi ni "vitatu". Mbili ndiyo inayogeuka kuliko zote: viwili, mawili, wawili. Sita, saba, tisa na kumi hazigeuki kabisa, kwa hiyo mtoto anasikia vitano, sita, saba, vinane. Ndiyo maana naanza na vitu vya ngeli ya I-ZI, kama ndimu, ndizi au chupa tupu za maji. Hapo neno la kuhesabia na neno la idadi ni lile lile: mbili, ndimu mbili. Vizibo na mawe vije baada ya wiki mbili tatu. Hata hivyo, mtoto akisema "vizibo mbili", hesabu yake ni sahihi. Itikia "naam, vizibo viwili" na muendelee.

Chora mstari wa chaki sakafuni, weka ndimu tano upande mmoja. Mtoto ashike moja, aivushe mstari, na atamke neno lake inapotua ng'ambo. Asiguse tu kwa kidole. Maneno yote kuanzia moja hadi kumi yana silabi mbili mbili (hata nne hutamkwa n-ne), na mtoto anayefuata mdundo hugusa ndimu mbili kwa neno moja: "mo" kwenye ya kwanza, "ja" kwenye ya pili. Kuvusha kunaupunguza mdundo huo. Pia kunatenga zilizohesabiwa na ambazo bado, maana zikichanganyika lazima nyingine irukwe au ihesabiwe mara mbili.

Akimaliza, uliza "ngapi?" Wengi huanza upya: moja, mbili... Usimkatize. Safari inayofuata punguza ziwe mbili au tatu, na akishavusha ya mwisho zifunike kwa kanga kabla ya kuuliza. Hawezi kuzihesabu tena, itambidi ashike lile neno la mwisho. Kisha geuza zoezi: "nipe mbili", "nipe tatu". Sipandi hadi nne mpaka ametoa tatu sawasawa kwa siku tatu tofauti. Mwalimu mwenye haraka ya kufika kumi hapa ndipo anapoharibu.

Vizibo vinafaa zaidi kwenye trei ya mayai. Trei ya mayai 30 ina safu sita za mashimo matano. Kata safu mbili, unapata mashimo kumi. Chagua isiyo na madoa ya yai lililopasuka. Ya plastiki ni bora kwa sababu inaoshwa kwa sabuni. Kila shimo kizibo kimoja, safu ya juu ijae kwanza, kutoka kushoto. Ukiruhusu vizibo kutawanyika ovyo, faida inapotea, kwa kuwa lengo ni mtoto azoee sura: saba ni safu nzima na viwili vya ziada. Uliza pia "mashimo mangapi matupu?" Swali hilo ni mlango wa kutoa, bila alama yoyote ya kuandika.

Vizibo vya bati vina meno yanayokwaruza. Vibonde kwa nyundo au tumia vya plastiki vya chupa za maji. Kwa walio chini ya miaka mitatu hata hivyo ni vidogo mno, vinaweza kuwakaba. Maharage siyatumii kabisa: huingizwa puani na masikioni, na yakipata unyevu huvimba.

Jambo moja huwashtua wazazi. Panga safu mbili za vizibo vitano, kisha tandaza moja iwe ndefu. Mtoto atasema ndefu ina vingi, hata kama amevihesabu sasa hivi. Ni kawaida kwa umri huu. Usibishane naye, mwache apange vizibo viwili viwili, kimoja kutoka kila safu, halafu umuulize kama kuna kilichokosa mwenzake.