Picha za Fayum: nyuso zilizochorwa kwa ajili ya maiti

Picha za Fayum ni picha za nyuso zilizochorwa kwa rangi kwenye ubao mwembamba, au moja kwa moja kwenye sanda, na kuwekwa juu ya uso wa maiti iliyokaushwa. Zilichorwa Misri ilipotawaliwa na Warumi, hasa karne ya 1 hadi ya 3 BK. Zilizobaki ni kama 900. Jina limetokana na eneo la Fayum, kusini-magharibi mwa Cairo, ingawa nyingine zilifukuliwa Saqqara na Antinoopolis.

Ukizikuta makumbusho zimetiwa fremu, ni rahisi kuzidhania picha za kutundika sebuleni. Sivyo. Ubao ulifungwa ndani ya vitambaa vya kitani pamoja na mwili, uso tu ukaachwa wazi. Waliozitenganisha ni hasa wauzaji wa mambo ya kale wa karne ya 19: walichukua ubao wenye soko na kuuacha mwili. Kwa hiyo nyingi hatujui ni za nani.

Mafundi wengi walichanganya rangi na nta ya nyuki. Ukisogea karibu utaona nta imeganda kwa matuta madogo kwenye shavu na paji la uso, na ndani ya mboni pana nukta nyeupe inayofanya jicho lionekane lina unyevu. Baadhi ya waliochorwa walipewa hereni za lulu, na wengine wakapakwa jani la dhahabu, yaani dhahabu nyembamba kama karatasi. Mitindo ya nywele ilifuata ya Roma, na hiyo ndiyo inayowasaidia sana wataalamu kukadiria miaka.

Lakini imani ya mazishi ilibaki ya Kimisri. Maiti ya Artemidoros, aliyefukuliwa Hawara, makaburi ya eneo la Fayum, na sasa yuko British Museum, ina picha ya kijana wa Kirumi kwa mwonekano. Chini yake, kwenye jeneza jekundu, Anubis, mungu wa mazishi wa Kimisri, anahudumia maiti kitandani. Buriani yake imeandikwa kwa Kigiriki, tena kwa makosa ya tahajia.

Hawara hiyohiyo, mwaka 1911, mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipata maiti ya mwanamke aitwaye Hermione. Karibu na jina lake pameandikwa neno la Kigiriki la mtu wa elimu ya lugha, labda mwalimu. Yeye hakutenganishwa na picha yake: yuko mzima, amefungwa vitambaa vyake, katika Chuo cha Girton, Cambridge.